Kalausi na Buru: Historia ya Kugunduliwa kwa Majitu ya Gesi na Swali la Lugha ya Kuyaeleza

1. Utangulizi

Tarehe 17 Desemba 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulitangaza majina ya sayari 112 zilizo nje ya mfumo wa Jua letu, pamoja na majina ya nyota zake, kila jozi ikiwa imepewa majina na watu wa nchi moja. Fungu la Kenya lilikuwa nyota iliyojulikana hadi siku hiyo kwa namba yake tu katika orodha ya Henry Draper, yaani HD 83443. Nyota ikaitwa Kalausi, na sayari yake ikaitwa Buru. Maneno yote mawili ni ya Kijaluo, au Dholuo kama wenyewe wanavyoiita lugha yao. Kalausi ni upepo mkali unaozunguka mfano wa nguzo, ule ambao Kiswahili huuita pepo za chamchela. Na buru ni vumbi, hasa lile linaloinuliwa na upepo.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kugunduliwa kwa sayari za namna ya Buru, na kuuliza swali moja litokanalo na historia hiyo. Majina ya lugha zetu yamekwisha kupanda mbinguni. Je, maelezo yako wapi? Hoja yetu ni kwamba jina limetangulia mno mbele ya maelezo, na kwamba pengo hilo ni kazi ya idara za lugha kabla ya kuwa kazi ya idara za fizikia.

Tumechagua kuitazama historia hii kutoka nchi ya chai ya Kericho na Bomet, na tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni ya mbingu. Kericho iko chini kidogo tu ya ikweta, na mtu aliyesimama hapo huweza, kwa muda wa mwaka mmoja, kuziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Nyota ya 51 Pegasi, ambayo tutaitaja punde, hupita upande wake wa kaskazini. Kalausi, iliyomo katika kundi la Tanga, hupita upande wake wa kusini. Sababu ya pili ni ya lugha. Wenyeji ni Wakipsigis. Magharibi, kupitia soko la Sondu, wanapakana na Wajaluo, na upande huo huo wako pia Wagusii. Na katika mashamba makubwa yaliyopandwa tangu miaka ya 1920, wachumaji waliotoka kila upande walikutanishwa na Kiswahili. Neno jipya likipita salama katika nchi ya namna hiyo, litapita popote.

2. Msamiati uliotangulia

Isidhaniwe kwamba lugha hizi zilikuwa bubu mbele ya mbingu. Wakipsigis walimtaja Mungu kwa jina la Asis, lenye uhusiano wa karibu na asista, yaani jua. Waswahili walizitaja nyota za Kilimia kwa neno litokanalo na kitendo cha kulima. Kwa njia ya Kiarabu, Kiswahili kilipokea pia majina ya sayari zinazoonekana kwa macho: Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Neno sayari lenyewe limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kwenda. Wayunani nao waliziita sayari kwa neno lenye maana ya watangaji. Lugha mbili zisizo na udugu zilizingatia jambo moja, kwamba mianga hiyo hubadili mahali pake kati ya nyota. Maana hiyo ya asili haiwezi kutumika kwa Buru, kwa sababu hakuna jicho lililowahi kuiona ikitembea. Leo sayari maana yake ni gimba linaloizunguka nyota, na neno limepanuka pamoja na elimu bila ya kuvunjika.

Upande wa pili uko upungufu. Elimu ya nyota kama sayansi imeitwa falaki, unajimu na astronomia, na maneno mawili ya kwanza yamebeba pia kazi ya kupiga ramli. Aidha, mashuleni mtoto husikia uzito mahali ambapo mwalimu wa fizikia angetaka aseme tungamo. Gunia la majani ya chai lililopimwa Kericho lingekuwa na uzito mwingine likipimwa Mwezini, lakini tungamo lake lingekuwa lile lile. Katika habari zinazofuata tofauti hiyo ni ya lazima.

Kuhusu sayari zenyewe, Mshtarii na Zohali ni mikusanyiko mikubwa ya gesi isiyo na uso wa kukanyagwa, na tungamo la Mshtarii ni mara 318 ya lile la Dunia. Wengi huziita sayari kubwa za gesi. Hapa tutatumia majitu ya gesi. Kiambishi ji- kilichomtoa jitu katika mtu ni cha asili ya lugha yetu, nacho hubeba wazo la kitu kilichopita kiasi cha aina yake, na hilo ndilo hasa linalotakiwa.

3. Miaka ya kutafuta, 1952 hadi 1995

Jitu la gesi linaloizunguka nyota nyingine halionekani kwa urahisi, kwa kuwa halina mwanga wake wa kutosha na limemezwa na mng'ao wa nyota yake. Wanasayansi walilazimika kulitafuta kwa athari zake. Mtu mzima akimshika mtoto mikono na kumzungusha uwanjani, mtoto ndiye aendaye duara kubwa, lakini mzazi naye huyumba akizunguka duara dogo. Asiyemwona mtoto angeweza kujua yupo kwa kumtazama mzazi. Nyota nayo huyumba hivyo hivyo. Inapotujia, mwanga wake huelekea kidogo upande wa buluu. Inapotuacha, huelekea upande wa wekundu. Kila aliyesimama kando ya barabara akasikia honi ya lori la majani ikibadilika sauti linapompita analijua jambo hili kwa masikio yake.

Ugumu ulikuwa katika udogo wa kipimo. Mshtarii hulitikisa Jua kwa mwendo wa mita 12 hivi tu kwa sekunde, na humaliza mzunguko mmoja kwa karibu miaka 12. Katika mwaka 1952 Otto Struve alidokeza kwamba pengine yapo majitu yaliyo karibu mno na nyota zao, yenye mizunguko ya siku chache, na kwamba hayo yangeweza kupatikana kwa vyombo vya wakati ule. Dokezo lake halikufuatwa, kwa sababu waliojifunza kwa mfano wa Jua letu waliamini kwamba mahali pa majitu ni mbali, penye baridi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya matangazo na masikitiko. Katika mwaka 1963 Peter van de Kamp alitangaza kwamba nyota ya Barnard ilikuwa na sayari kubwa kuliko Mshtarii. Katika mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn wakapima upya wasiione. Katika mwaka 1992 Aleksander Wolszczan na Dale Frail walipata sayari zinazoizunguka pulsa, yaani mabaki ya nyota iliyokwisha kulipuka. Ugunduzi huo ulisimama imara, lakini nyota ile haikuwa ya namna ya Jua.

Kisha mwezi wa Oktoba 1995 Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz wa Geneva walitangaza kwamba nyota ya 51 Pegasi, waliyoipima katika kituo cha Haute-Provence nchini Ufaransa, ilikuwa na sayari yenye tungamo lisilopungua karibu nusu ya lile la Mshtarii. Sayari hiyo ilimaliza mzunguko wake kwa siku 4.2 tu. Jitu la Struve lilikuwapo, nalo lilikuwa limekaa motoni. Wawili hao walipata fungu lao la Tuzo ya Nobel ya Fizikia katika mwaka 2019, mwaka ule ule ambao Buru ilipata jina.

4. Habari za Buru

Baada ya 1995 wanasayansi wa Geneva walipeleka kazi yao kusini, La Silla nchini Chile, kwa darubini iliyoitwa Euler na chombo cha kuchambulia mwanga kilichoitwa CORALIE. Miongoni mwa nyota walizopima ilikuwamo HD 83443, iliyo mbali nasi kwa miaka-nuru 133 hivi; maana yake, mwanga unaotufikia leo uliiacha nyota hiyo kabla reli ya Mombasa haijafika Kisumu. Katika mwaka 2000 walitangaza kwamba nyota hiyo inayumba kwa mwendo wa kati ya mita 50 na 60 kwa sekunde, na kwamba kinachoitikisa ni jitu lenye mzunguko wa siku tatu kasoro kidogo. Wakaongeza kwamba kulikuwa na sayari ya pili, yenye tungamo la karibu nusu ya Zohali na mzunguko wa siku 30 hivi.

Sayari hiyo ya pili ndiyo sehemu ya habari hii inayotupasa kuitazama kwa makini. Katika mwaka 2002 Paul Butler na wenzake, wakitumia darubini za Hawaii na Australia, walichapisha vipimo vyao vya nyota ile ile. Jitu la siku tatu walilipata kama lilivyosemwa. La siku 30 hawakuliona. Watu wa Geneva wakarudi kupima, na katika mwaka 2004 wakakubali wenyewe kwamba vipimo vipya havikuiunga mkono sayari ya pili. Hivyo nyota ambayo baadaye ingeitwa Kalausi ilibaki na mtoto mmoja.

Msomaji wa lugha ataona kwamba historia hii yote imejengwa juu ya tofauti za vitenzi. Ilitangazwa si imethibitishwa. Haikuonekana si haipo. Iliondolewa si ilikanushwa. Kiswahili kina vyombo vyote vya kuzitaja tofauti hizo, kwa kauli zake za kutendeka na kutendwa, na kwa nyakati zake za -li-, -me- na -nge-. Mwandishi akifupisha habari ya Buru na kusema tu kwamba "wanasayansi waligundua sayari", atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa ameiacha elimu yenyewe nje ya mlango.

Jambo la pili ni tungamo. Hupenda kusemwa kwamba Buru ina tungamo la sehemu nne katika kumi za lile la Mshtarii. Usemi sahihi ni kwamba tungamo lake halipungui kiasi hicho. Njia ya kupima kuyumba huona sehemu tu ya mwendo inayoelekea kwetu au kutoka kwetu. Njia ya sayari ikiwa imelala mshazari, sehemu ya mwendo haionekani, na tungamo huonekana dogo kuliko lilivyo. Mkulima wa Bomet aliyezoea kupeleka majani yake kituoni hahitaji kufundishwa maana ya mizani inayopunja. Mizani hii hupunja upande mmoja tu, haizidishi kamwe. Kwa hiyo neno halipungui si pambo la usemi, bali ndilo kipimo chenyewe.

5. Kutoka tungamo hadi hali

Kupima tungamo ni kujua kwamba gunia lina kilo kadhaa bila kulifungua. Ili kulifungua ilihitajika njia nyingine. Katika mwaka 1999 vikundi viwili, kimoja cha David Charbonneau na kingine cha Gregory Henry, viliona mwanga wa nyota HD 209458 ukipungua kwa karibu sehemu moja na nusu katika mia, kisha ukirudi. Jitu lake, ambalo lilikuwa limekwisha kujulikana kwa kuyumba kwa nyota, lilikuwa likipita mbele ya uso wa nyota. Kiasi cha mwanga uliozibwa kilionyesha upana wa sayari. Upana na tungamo vikaonyesha msongamano. Jitu hilo lilikuwa pana kuliko Mshtarii ingawa tungamo lake lilikuwa dogo zaidi, na ubishi uliokuwapo juu ya kama haya kweli ni majitu ya gesi ukaisha.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujua gesi zenyewe. Chai ya rangi ikimiminwa katika bilauri na kuinuliwa mbele ya dirisha, mwanga hutoka upande wa pili ukiwa mwekundu, kwa kuwa rangi nyingine zimezuiwa ndani. Kila kitu kilichoyeyuka katika chai huzuia rangi zake, na mwenye chombo cha kutosha angeweza kukitambua kwa rangi zilizokosekana. Sayari inapopita mbele ya nyota yake, sehemu ndogo ya mwanga hupenya katika hewa ya ukingoni mwake. Kwa njia hiyo, katika mwaka 2001, ilitangazwa kwamba darubini ya Hubble imeona alama ya sodiamu katika hewa ya jitu la HD 209458. Katika mwaka 2022 darubini ya James Webb ikaonyesha wazi kaboni dayoksaidi katika hewa ya WASP-39 b, jitu lenye tungamo la kukaribiana na la Zohali.

Buru haijafika huko. Haijulikani kuwa hupita mbele ya nyota yake kwa upande wetu, na kwa sababu hiyo upana wake na hewa yake havijapimwa kwa njia hii. Jina lake la vumbi ni jina zuri, lakini si taarifa. Jirani yetu Tanzania alipata fungu jingine katika tangazo lile la 2019: nyota ya WASP-71 iliitwa Mpingo na sayari yake Tanzanite. Hili ni jitu lenye tungamo la karibu mara mbili ya Mshtarii, nalo hupita mbele ya nyota yake, hivyo tungamo na upana vyote vinajulikana. Ethiopia nayo iliita nyota yake Buna, yaani kahawa, neno lenye udugu na buni yetu, na jitu lake ikaliita Abol, yaani kikombe cha kwanza katika karamu ya kahawa.

6. Jina bila maelezo

Hii si mara ya kwanza kwa neno la nchi hizi kupanda hivyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kupima eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Orodha ya vyanzo vya eksirei iliyotokana nayo inatumika hadi leo, na vitu vingi vya mbinguni vina majina yanayoanza na alama 4U, ambapo U ni herufi ya kwanza ya Uhuru. Ni vigumu kufikiria neno la Kiswahili lililotajwa mara nyingi kuliko hilo katika maandishi ya astronomia. Hata hivyo, maelezo ya kile setilaiti hiyo ilichokiona yaliandikwa kwa lugha nyingine. Neno lilikwenda peke yake.

Mwezi wa Juni 2023 Kenya ilipata jozi ya pili. Nyota ya GJ 1214 iliitwa Orkaria, yaani ngeu kwa lugha ya Kimaasai, na sayari yake, iliyogunduliwa katika mwaka 2009, ikaitwa Enaiposha, maji mengi ya ziwa au bahari, neno ambalo ndilo lililozaa jina la Naivasha. Enaiposha si jitu. Tungamo lake ni mara nane hivi tu ya Dunia. Tunaitaja kwa sababu ya tatizo la tafsiri. Vipimo vya James Webb vilivyochapishwa katika mwaka huo wa 2023 vilionyesha kwamba hewa yake imefunikwa na utando mzito. Mwandishi wa haraka angeuita ukungu. Lakini mtu wa Kericho anaujua ukungu: ni maji yaliyo hewani, yanayolala juu ya majani alfajiri na kuondoka jua likipanda. Utando wa Enaiposha unadhaniwa kuwa wa chembe zinazotengenezwa na mwanga wa nyota wenyewe ukizipiga gesi, na kwa tabia unakaribiana zaidi na moshi wa dohani la kiwanda cha chai. Tunapendekeza utusitusi, neno lililomo katika kamusi na ambalo halijafungwa kwa maji wala kwa moto.

Mfano huo unaonyesha kwamba kupata jina ni kazi ya siku moja, na kupata maelezo ni kazi ya kuchagua kwa subira kati ya maneno tuliyo nayo. Neno buru lenyewe lina mzigo wake kwa Wajaluo. Tero buru ni desturi ya matanga ya kukifukuza kifo kutoka bomani. Mzigo huo haumo katika tangazo la 2019, na mwanafunzi asiyejua Kijaluo hataupata mahali pengine ila katika maelezo yaliyoandikwa na wajuao lugha.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba majitu ya gesi yalijulikana kwa hatua: kwanza kwa kudhaniwa, kisha kwa kutangazwa na kukosewa, kisha kwa kupimwa tungamo, upana na hewa. Kila hatua ilidai usemi wake. Machi 2022 sayari za nje zilizothibitishwa zilivuka 5,000, na Septemba 2025 zikavuka 6,000, na karibu zote bado zina namba tu. Zitakapogawanywa tena, nchi zetu zitaombwa majina, nazo zitayatoa kwa furaha.

Mapendekezo yetu ni matatu. Kwanza, istilahi zilizokwisha kupatikana, kama tungamo, nusukipenyo na msongamano, zitumiwe katika maandishi ya kawaida ili zizoeleke, badala ya kubaki ndani ya orodha. Pili, kila jina la sayari litokalo katika lugha ya Afrika Mashariki liandikiwe maelezo ya Kiswahili yanayosema kinachojulikana, kisichojulikana na kilichoondolewa. Tatu, mifano ya kufundishia itafutwe katika kazi za watu wenyewe, kwani mizani, bilauri ya chai na ukungu wa asubuhi vimekwisha kufanya nusu ya kazi ya mwalimu.

Mwishoni mwa Machi, saa tatu za usiku, Kalausi husimama juu ya Kericho upande wa kusini, katikati ya upeo na utosi. Ni hafifu mno kwa macho matupu, na ni majira ambayo mvua za masika zinaanza kuufunika mlima. Mwenye darubini ndogo na bahati ya wingu kufunguka ataipata. Akiulizwa na mtoto aliyesimama karibu naye ni nini kinachotazamwa, itafaa awe na jibu refu kuliko jina.